Tovuti mpya ya mradi huria: yanayoaminiwa na yaliyo kweli

Kila mradi wa programu huria, yaani programu ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuutumia na kuubadilisha, ukidumu, hufika siku mtu akasema: tovuti yetu imechakaa, tuisuke upya. Mimi hutafsiri nyaraka za miradi hii kwa Kiswahili kwa kujitolea, na nimeona kazi hiyo ikiharibika mapema sana, kwenye mpango wenyewe, kwa sababu ya mambo yanayoaminiwa bila kuchunguzwa.

Dhana: Tunachohitaji ni sura mpya

Anayefungua tovuti ya mradi huria amekuja na shida yake. Anatafuta faili la kupakua, au amekwama na kosa fulani usiku wa manane, au anapima kama mradi bado uko hai kabla hajaujengea mfumo wa ofisi yake. Rangi na nembo hazimtatulii hata moja kati ya hayo. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuorodhesha kurasa zote zilizopo, nani huisoma kila moja na nani anaitunza. Ni kazi inayochosha, na ndiyo inayorukwa.

Tena, mabadiliko makubwa yanaweza kufanyika sura ikabaki karibu ileile. Mwaka 2024 tovuti ya Git, zana ya kufuatilia mabadiliko ya msimbo, ilihamishwa kutoka programu iliyoandikwa kwa Ruby on Rails kwenda kurasa tuli, yaani zilizoandaliwa tayari, zinazozalishwa na zana iitwayo Hugo. Msomaji wa kawaida hakuona tofauti kubwa, ila watunzaji walitua mzigo wa kuendesha programu nzima kwa ajili ya kurasa za kusoma tu.

Dhana: Ukurasa mmoja wa mwanzo utamridhisha kila mtu

Hapa mfano ninaoupenda ni wa Rust, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Tovuti yake ya zamani ilimpokea mgeni kwa sentensi ya kiufundi kuhusu kasi na usalama wa kumbukumbu ya kompyuta, na chini yake kipande cha msimbo. Mwishoni mwa Novemba 2018 walitoa tovuti mpya kwa majaribio, na Desemba, pamoja na toleo 1.31, ikachukua nafasi ya ile ya zamani. Msimbo uliondoka ukurasa wa mwanzo. Kaulimbiu ikawa ya kumwezesha kila mtu kujenga programu za kuaminika na zenye ufanisi, ikafuatwa na maeneo manne ya matumizi: zana za mstari wa amri, WebAssembly (msimbo unaoendeshwa ndani ya kivinjari), mitandao, na vifaa vidogo vyenye kompyuta ndani.

Wengi wa watumiaji wa zamani walikasirika. Walisema lugha yao imeuzwa kama bidhaa dukani. Nawaelewa, lakini naielewa pia nia ya waliobadilisha: mtu anayeamua kama kampuni yake itumie Rust huenda hasomi msimbo kabisa. Huwezi kuwaweka wote wawili mbele. Lazima mradi uchague, na useme mapema umemchagua nani na kwa nini, ili ubishi uwe juu ya uchaguzi huo na si juu ya rangi za vichwa vya habari.

Dhana: Tafsiri zitafuata baadaye

Hili ndilo linaloniuma zaidi. Tovuti ya zamani ya Rust ilisomeka kwa lugha nyingi, lakini mpya ilizinduliwa kwa Kiingereza peke yake. Tafsiri zilirudi mwaka 2019, kwa kutumia Fluent, mfumo wa kutafsiri uliotoka Mozilla, watengenezaji wa kivinjari cha Firefox. Katika pengo hilo kazi ya watu waliojitolea ilikaa pembeni.

Ukweli ni kwamba tafsiri huamuliwa siku ya kwanza, kwenye namna maneno yanavyohifadhiwa. Mbunifu wa Kiingereza huandika neno moja la “mpya” na kulibandika popote. Kwa Kiswahili toleo ni jipya, kitabu ni kipya, mwongozo ni mpya na majarida ni mapya. Ukinipa neno hilo peke yake, lisiloambatana na nomino yake, sina namna ya kulitafsiri sawasawa. Nipe sentensi nzima. Istilahi nazo zinataka muda: mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004, ilibidi ukae na istilahi kwanza kabla ya kugusa vitufe.

Dhana: Anwani za zamani zitajirekebisha zenyewe

Hazijirekebishi. Niliwahi kuandaa karatasi za somo kwa vijana, zenye viungo tisa vya mwongozo wa mradi mmoja. Baada ya tovuti kusukwa upya vyote vilinipeleka ukurasa wa mwanzo, na karatasi zilikuwa zimeshachapwa.

Tim Berners-Lee, mvumbuzi wa wavuti, aliandika mwaka 1998 kwamba anwani nzuri haibadiliki. Kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kilichapisha mwaka 2024 kwamba asilimia 38 ya kurasa zilizokuwepo mwaka 2013 hazikupatikana tena muongo mmoja baadaye. Dawa yake ni jedwali la safu mbili, anwani ya zamani na mpya, kisha seva ielekeze kwa jibu la 301, ambalo huiambia injini ya utafutaji kuwa ukurasa umehama kwa kudumu.

Dhana: Uhuria maana yake kila mtu aamue kila kitu

Mwaka 1999 Poul-Henning Kamp wa FreeBSD, mfumo endeshi huria, aliwaandikia wenzake waliokuwa wakibishana bila kikomo kama amri ndogo ya sleep, inayoiambia kompyuta isubiri, ikubali sehemu za sekunde. Akawakumbusha mfano wa C. Northcote Parkinson wa mwaka 1957: mtambo wa nyuklia hupitishwa haraka kwa sababu hakuna anayeuelewa, lakini banda la baiskeli hujadiliwa na kila mtu. Tovuti ni banda la baiskeli. Maoni yakusanywe hadharani, uamuzi ukae kwa watu wachache wanaojulikana.

Dhana: Majaribio yanahitaji bajeti kubwa

Watu 5 wanatosha kuanzia. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa matumizi ya tovuti, amelihimiza hilo tangu mwaka 2000. Wape simu ya bei ndogo yenye bando la kawaida, waambie wapakue programu, kisha unyamaze uangalie. Maandishi ya kawaida yawe na utofauti wa rangi usiopungua 4.5 kwa 1, kama unavyotaka WCAG, mwongozo wa kufanya tovuti zifikike na watu wote, wakiwemo wenye ulemavu.

Dhana: Siku ya uzinduzi kazi imekwisha

Wiki zinazofuata ndizo za kusoma kumbukumbu za seva na kuokota kila anwani iliyojibu 404, yaani ukurasa haukupatikana, kwa hiyo ziingie kwenye ratiba, na mwenye kazi hiyo aandikwe jina. Na ya zamani isifutwe. Rust waliihamishia ya kwao kwenye anwani ya prev.rust-lang.org, pamoja na zile tafsiri zake.