Pafu pestri haina hamira, acha kuisubiri iumuke

"Niliiacha karibu na jiko saa tatu nzima na haikuumuka. Pakiti ilikuwa mbovu?" Hapana. Pakiti ilikuwa nzima, imeharibikia hapo hapo karibu na jiko. Wanaonunua pafu pestri ya kugandishwa huuliza swali hili kwa maneno mbalimbali, na anapofika kuuliza mtu huwa ameshaitupa pakiti yote. Inaumiza, kwa sababu pakiti moja ikitumiwa vizuri hutoa vitafunio kumi na viwili vya kuwatosha wageni.

Dhana yenyewe inaeleweka ilikotoka. Tumekulia kwenye maandazi, mahamri na mikate, na huko kote kanuni ni moja: tia hamira, funika kitambaa, weka pa joto, subiri. Mtu akiiona pafu pestri ilivyofura, anadhani ni ndugu ya mahamri. Si ndugu yake hata kidogo. Ndani yake hakuna hamira wala unga wa kuumulia. Kuna unga wa ngano, maji, chumvi na mafuta (siagi au majarini), vilivyokunjwa na kusukumwa tena na tena mpaka mafuta yakawa matabaka membamba kati ya matabaka ya unga. Kwa njia ya Kifaransa iliyozoeleka, donge hukunjwa sehemu tatu kwa mizunguko sita. Kila mzunguko unazidisha matabaka mara tatu, na baada ya mizunguko sita unapata matabaka 729 ya mafuta. Kazi hiyo yote imeshafanywa kiwandani. Wewe umenunua matabaka, na jukumu lako ni moja tu: usiyaache yashikane kabla hayajaingia ovenini.

Kinachoinyanyua pestri ni mvuke. Unga una maji, na siagi nayo ina maji karibu asilimia 16. Yakichemka hugeuka mvuke unaotanuka zaidi ya mara 1,600. Mvuke huo unatafuta pa kutokea, mafuta yanauzuia usipenye ovyo, basi unaubeba unga juu, tabaka baada ya tabaka. Baadaye unga unakauka ukiwa juu na kubaki hivyo.

Sasa iweke pestri hiyo pa joto. Siagi inalainika mno ikipita nyuzijoto 20, na ikifika 32 hadi 35 imeyeyuka. Jiko la Mombasa au Dar es Salaam saa saba mchana mwezi wa Februari limeshafika huko bila hata moto kuwashwa. Siagi ikiyeyuka, unga unainywa, matabaka yanagandana na kuwa donge moja. Ukioka unatoa kitu kizito kama chapati ya jana, chini yake trei ina dimbwi la mafuta. Hakuna kusubiri kutakakorudisha matabaka hayo. Pestri ya majarini ya mimea, ambayo ndiyo ya bei nafuu, inavumilia joto zaidi ya ile ya siagi, kwa hiyo anayeishi pwani asiione duni. Ila nayo ukiisahau mezani itakusaliti.

Basi fanya hivi. Jioni ihamishe kutoka friza hadi rafu ya chini ya friji, asubuhi iko tayari. Ukiwa na haraka, iache mezani ndani ya pakiti yake: kama dakika 20 pwani, 30 hadi 40 Nairobi au Arusha. Iko tayari inapokunjika bila kupasuka huku vidole vikihisi baridi. Kidole kikizama, umechelewa, irudishe friji dakika 15. Fanya kazi na nusu tu, nusu nyingine ibaki kwenye baridi. Ukishajaza na kufunga, trei nzima irudi friji dakika 15 hadi 20 huku oveni ikipata moto. Hatua hii watu huiruka kuliko zote, na ndiyo ninayoing'ang'ania, kwa sababu mikono yako imeipasha pestri moto muda wote ulipokuwa ukiikunja. Kama friji ni ndogo, tumia sahani bapa, ingiza kwa mafungu. Ikumbuke hivi: pestri baridi, oveni ya moto.

Na oveni iwe ya moto kweli. "Nilipunguza moto isiungue" ni dhana pacha ya ile ya kwanza. Kwenye nyuzi 160 mafuta yanayeyuka na kutiririka kabla mvuke haujapata nguvu. Anza na nyuzi 210, au 190 kama oveni ina feni. Zile oveni ndogo za mezani ziwashe dakika 20 kabla, moto wa juu na wa chini pamoja, maana taa kuzimika si hakika kwamba joto limetulia. Usifungue mlango dakika 15 za mwanzo. Kisha shusha hadi 180 na uoke dakika 8 hadi 10 zaidi. Rangi ya juu isikudanganye: nyanyua kimoja kwa kisu, tazama chini. Kama chini bado ni cheupe, ndani ni kibichi, na kitanywea kikipoa.

"Ni chakula cha wenye pesa." Kinachopandisha gharama ni kujaza nyama tupu na jibini. Chukua pakiti ya gramu 400, isukume iwe nene milimita 3, itafika kama sentimita 30 kwa 36. Kata safu tatu kwa nne, unapata vipande 12 vya sentimita 10 kwa 9. Kila kipande kinataka kijiko kimoja cha chakula kilichojaa, si zaidi. Gramu 150 za nyama ya kusaga zinatosha zote kumi na mbili ukiongeza kiazi kikubwa kilichochemshwa na kupondwa, kitunguu kimoja na karoti moja ya kukwaruza, pamoja na tangawizi, kitunguu saumu, binzari nyembamba na pilipili. Bila nyama, choroko zilizochemshwa (ndengu kwa wa Kenya) na kukaangwa na kitunguu mpaka zikauke zinafanya kazi nzuri, na ndizi mbivu iliyokatwa vipande na kunyunyiziwa mdalasini haitaki hata kupikwa kwanza.

Lakini ujazo uwe mkavu na uwe baridi. Buruta kijiko chini ya sufuria: mchuzi ukirudi kufunika njia, endelea kukausha. Mchicha uchemshe kidogo, uache upoe, kisha ukamue kwa mikono mpaka usitoe tone. Ujazo wa moto unayeyusha mafuta kutokea ndani, na hapo umejirudishia kosa lile lile la kuiacha karibu na jiko. Ujazo wa majimaji unaloanisha sehemu ya chini, nayo haitaiva hata ukiiongezea muda.

"Yai lipakwe kila mahali ili ing'ae." Paka juu tu. Yai likitiririka kwenye kingo zilizokatwa hukauka na kuyabana matabaka kama gundi, upande huo haunyanyuki. Yai moja na kijiko cha maji linatosha trei nzima na linabaki. Maziwa nayo yanafaa, mng'ao tu ndio unapungua.

Kukata kwa mdomo wa glasi kuna madhara hayo hayo. Glasi haikati, inakandamiza. Tena miduara inaacha mabaki karibu sehemu moja kati ya tano ya pestri uliyoilipia. Kata miraba, kwa kisu kikali kinachoshuka wima, bila kukokota.

"Si ni sawa na manda za sambusa?" Hapana. Manda ni unga mwembamba usio na matabaka ya mafuta. Haifuri, na inapendeza kukaangwa. Pafu pestri usiikaange: inafyonza mafuta juu ya yale iliyo nayo.

"Bila oveni haiwezekani." Vipande vidogo vinawezekana kwenye sufuria nzito ya mkaa, mradi makaa mengi yawe juu ya mfuniko na machache chini, sufuria ipate moto dakika 15 kabla, na trei isiguse kitako: weka vijiwe au kibati chini yake. Usifunue ovyo.

"Ikishayeyuka barafu lazima uoke yote siku hiyo." Si lazima. Ikiwa bado ya baridi inakaa friji siku moja au mbili. Iliyo bora zaidi ni kujaza vyote kumi na viwili, kuvigandisha vibichi kwenye trei bila kugusana, kisha kuvitia kwenye mfuko. Siku mgeni akibisha hodi, unavitoa vinne na kuviingiza ovenini vikiwa na barafu yake, kwa dakika 5 za ziada.

Vile vipande vya pembeni usivifinyange kuwa donge kama unga wa chapati, utayavuruga matabaka. Vipandanishe kimoja juu ya kingine vikiwa bapa, viweke friji dakika 20, sukuma, nyunyiza ufuta na chumvi, au sukari na mdalasini. Kata utepe wa sentimita 2, usokote, uoke kwa nyuzi 200 dakika 12 hadi 15. Havitafura sana kama vya kwanza, lakini vinakatika vizuri mdomoni kwa chai.