Femtosekunde si mwendo

Mwaka huu nimelisikia mara tatu, na mara ya mwisho kwa mwalimu ninayemheshimu sana, aliyeliandika ubaoni: kwamba leza za femtosekunde zinaitwa leza za kasi kwa sababu mwanga wake unakimbia kuliko mwanga wa kawaida, na kwamba mwanga huo wa kasi unazalishwa na grafini, tabaka jembamba mno la kaboni. Yote mawili si kweli, na wanafunzi walikuwa wakiyanakili kwenye madaftari.

Maana yenyewe haina maneno mengi. Leza ya aina hii haitoi mwali usiokatika, bali mapigo ya mwanga, kila pigo likidumu femtosekunde chache au mamia kadhaa. Grafini na ndugu zake wa matabaka membamba huwekwa ndani ya leza ili kusaidia kuyaunda mapigo hayo.

Sasa hilo neno. Chukua sekunde moja uigawe vipande bilioni, kisha kipande kimoja ukigawe tena vipande milioni. Hicho utakachobaki nacho ndicho femtosekunde. "Femto" limetoka kwenye neno la Kidenmaki na Kinorwe, femten, yaani kumi na tano, kwa kuwa kipimo hiki kiko kwenye nafasi ya 15 baada ya nukta ya desimali. Lilipitishwa kimataifa mwaka 1964 pamoja na "ato", la kutoka atten, kumi na nane. Ni hesabu tupu. Ndani yake hamna mbio wala mwendo, kuna muda tu.

Mwanga wa tochi, wa jua na wa leza katika ombwe, yaani mahali patupu pasipo hata hewa, huenda mwendo mmoja, karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Pigo la femtosekunde 100 halizidishi hata hatua. Kilichopungua ni urefu wake: kutoka kichwa hadi mkia halifiki nusu ya unene wa unywele wa kawaida, ni kama maikromita 30. Fikiria treni mbili zenye mwendo mmoja, moja ina mabehewa mia, nyingine ina moja. Ukisimama stesheni, hiyo ya pili itamaliza kupita mapema, lakini nani atasema inakimbia zaidi?

Kasi ina mahali pake, nako ni kwenye kinachotazamwa. Ahmed Zewail, mzaliwa wa Misri, alipata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1999 kwa kutumia mapigo kama haya kufuatilia molekuli wakati vifungo vyake vinakatika na kuungana. Mambo hayo ndiyo yanayotokea upesi. Pigo lilihitajika liwe fupi ili liyawahi.

Grafini nayo inasingiziwa. Ni tabaka moja la atomu za kaboni kutoka kwenye kinywe, madini yale yale yanayopatikana Mahenge, Tanzania, na yanayoandikia ndani ya penseli. Andre Geim na Konstantin Novoselov, wakiwa Manchester, waliyabandua matabaka hayo kwa utepe wa gundi, wakatangaza kazi yao mwaka 2004. Tabaka moja hufyonza takriban asilimia 2.3 ya mwanga unaolipitia. Halizalishi mwanga wa leza. Mwanga huo unazaliwa kwingine, kwa mfano kwenye uzi wa kioo uliotiwa metali iitwayo erbiamu.

Kazi ya grafini ni kufyonza, na sifa yake ni kwamba hushiba. Mwanga hafifu ukifika, elektroni zinaumeza na kupanda juu. Ukija mwanga mkali, nafasi za juu zinajaa, na unaobaki unapita bila kuguswa. Katika kitanzi cha uzi wa kioo chenye mita 10, mwanga unazunguka kama mara milioni 20 kwa sekunde, na kila mzunguko kingo zake hafifu zinapunguzwa huku kilele kikipona. Hivyo ndivyo pigo linavyochongwa, likisaidiwa na tabia za uzi wenyewe. Hapa ndipo ninaporuhusu neno upesi: baada ya kushiba, grafini huwa tayari kufyonza tena ndani ya pikosekunde chache, na pikosekunde moja ni femtosekunde 1,000.

Na ufupi huo una nguvu yake. Nanojuli moja, yaani juli moja iliyogawanywa vipande bilioni, ni nishati isiyotosha hata kukupasha ncha ya kidole, lakini ukiibana ndani ya femtosekunde 100 unapata wati 10,000, sawa na pasi kumi za wati 1,000, kwa kitambo hicho tu. Ndiyo maana leza hizi hukata utando wa mbele wa jicho bila kuunguza pembeni: joto halipati muda wa kusambaa.

Kwa hiyo, Mwalimu, sentensi yako ya ubaoni inaweza kubaki karibu yote. Pale palipoandikwa "mwanga wa kasi" weka "mapigo mafupi", na pale ambapo grafini "inazalisha" mwanga, weka "inauchuja".