"Hajawahi Kuumwa Hata Siku Moja": Dhana Potofu za Wanaoanza Kuzalisha Mbwa

Alikuja kwa chanjo tu. Dume wake wa German Shepherd ana miaka 2 na nusu, manyoya yanang'aa, masikio wima, kifua kimejaa. Jumamosi alikuwa apelekwe kwa jike, ndiyo maana bwana akataka daftari la chanjo likae sawa. Nikamuuliza kama nyonga zimepigwa picha. Akanitazama kama nimemtukania mtoto. "Daktari, huyu hajawahi kuumwa hata siku moja."

Sentensi hiyo nimeisikia mara nyingi mpaka naweza kuimalizia kabla ya msemaji. Safari hii nimeamua kuijibu kwa maandishi, na kwa kuwa nimeshashika kalamu, nitazigusa na nyingine zinazoandamana nayo. Nasema na wale walionunua jike mzuri, sasa wanatafuta dume, na wanataka kazi hii waifanye kwa haki. Wanaotaka kufyatua watoto wauze upesi hawana haja na mimi, na mimi sina haja nao.

Dhana: mbwa mwenye afya hana haja ya vipimo

Uzima unaouona kwa macho ni wa leo, tena ni wa mbwa huyo peke yake. Dume hampi mtoto afya yake. Anampa nusu ya jeni zake, zikiwemo zile zisizomdhuru yeye na zile ambazo bado hazijaanza kumdhuru. Na magonjwa ya kurithi yana hila moja: mengi yanangoja. Jike hupandishwa akiwa na miaka 2 au 3, ugonjwa unabisha hodi akiwa na 5 au 6, wakati tayari ana wajukuu.

Mtazame Basenji, mbwa wa Kongo asiyebweka kama wenzake, ambaye kwa kawaida huingia kwenye joto mara moja tu kwa mwaka. Aina hii ina ugonjwa wa figo uitwao Fanconi: figo zinashindwa kuirudisha mwilini sukari, protini na madini, vyote vinatoka na mkojo. Mbwa anakunywa maji kupita kiasi na anakonda huku anakula. Dalili huonekana zaidi kati ya miaka 4 na 8. Kabla ya kupatikana kipimo cha jeni, wafugaji wake walikuwa wakichovya vijiti vya kupima sukari kwenye mkojo kila mwezi, na wengine waliujua ugonjwa watoto wakiwa wameshatawanyika. Leo ni kijiti cha pamba kinachosuguliwa ndani ya shavu kwa sekunde chache, kikauke, kitiwe kwenye bahasha. Na bado naambiwa vipimo ni usumbufu.

Kuna mbwa ambao hawatauugua ugonjwa wanaoubeba mpaka wanakufa. Labrador anaweza kubeba nakala 1 ya jeni ya upofu wa retina na akaona vizuri maisha yake yote. Mpandishe kwa mbebaji mwenzake, ambaye naye "hajawahi kuumwa", na kila mtoto ana nafasi 1 kati ya 4 ya kupokea nakala zote 2. Wengi wa hao hawazaliwi vipofu. Wanaanza kusita gizani wakiwa watu wazima, wanagonga kiti kilichohamishwa, mwenye mbwa anadhani ni uzee. Hiyo robo nayo isikudanganye: katika watoto 8 anaweza asipatikane hata mmoja, na wanaweza wakapatikana 4. Kwa hiyo yule anayeniambia "uzao wa kwanza ulitoka salama" hajathibitisha kitu.

Hapa niseme neno kwa wale wanaopima halafu wanaingiwa na hofu. Mbebaji si mbwa wa kutupa. Mpandishe kwa asiye na jeni hiyo, hakuna mtoto atakayeugua ugonjwa huo, kisha katika watoto chagua wa kuendelea nao. Ukiwaondoa wabebaji wote kwa mkupuo, unaondoa na jeni zao nzuri, na aina ambayo tayari ina mbwa wachache inazidi kubanwa. Yamewakuta Dalmatian: kasoro ya asidi ya mkojo, inayoleta mawe kwenye kibofu, ilienea mpaka hapakubaki ndani ya aina yao mbwa wa kuirekebishia. Mwaka 1973 mtaalamu wa jenetiki Mmarekani, Robert Schaible, ilimbidi amchanganye Dalmatian na Pointer mara moja, halafu vizazi vilivyofuata virudishwe kwa Dalmatian, ili jeni isiyo na kasoro iingie. Wenye aina yao walibishana kuhusu mbwa hao kwa miongo.

Turudi kwenye nyonga. Hizi hazina kipimo cha jeni moja cha kukupa jibu, kwa sababu jeni nyingi zinahusika pamoja na uzito na ukuaji wa mbwa. Zinatazamwa kwa eksirei. Mbwa anapewa dawa ya usingizi, analazwa chali, miguu ya nyuma inavutwa imenyooka sambamba na magoti yanazungushwa kidogo kuelekea ndani. Katika picha nzuri kichwa cha mfupa wa paja kimezama ndani ya nyonga kama mchi ndani ya kinu. Katika picha mbaya kimekaa kama yai juu ya kisahani. Mfumo wa FCI, shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, unazipanga nyonga kuanzia A, zilizo salama, hadi E, zilizoharibika sana. OFA, shirika la Marekani linalokagua picha za nyonga, haitoi cheti cha kudumu mpaka mbwa afikishe miezi 24. Ndiyo maana picha ya mtoto wa miezi 7 haimpi mtu ruhusa ya kupandisha, hata ikiwa safi.

Yule dume tulimlaza siku ya pili yake. Kichwa cha paja la kushoto kilikuwa nusu nje, na ukingo wa nyonga umeanza kuota vijimfupa. Bwana alisimama mbele ya skrini muda mrefu. "Lakini anaruka ukuta," akasema. Anaruka, ndiyo. Ana misuli, ni kijana, na mbwa hana desturi ya kulalamika. Akatoka koridoni akampigia mwenye jike kumwambia Jumamosi haipo, na nikamsikia anamuuliza kama wa kwake amepigwa picha. Sihitaji kuwaeleza alijibiwa nini.

Na hata jeni zikiwa safi na nyonga zikiwa A, bado kuna brusela, ugonjwa wa bakteria. *Brucella canis* inaambukizwa kwa kupandana, na dume aliye nayo anaweza kuonekana mzima kabisa. Jike anashika mimba vizuri, halafu anaitupa, mara nyingi kati ya siku ya 45 na ya 59, bila hata kuonekana mgonjwa. Chanjo ya mbwa hakuna. Antibayotiki zinaituliza, lakini huwezi kuapa kwamba imetoka. Binadamu nao wanaambukizwa, hasa aliyeshika kondo la nyuma kwa mikono mitupu. Jike apimwe kabla ya kila kupandishwa, dume apimwe mara kwa mara, na mwenye dume akikasirika kuombwa majibu, tafuta dume mwingine.

Jambo la mwisho hapa, nalo linanihusu mwenyewe. "Daktari alimpima" si kipimo. Ninapoandika kwamba mbwa yuko sawa nimesikiliza moyo, nimetazama meno na macho, nimepapasa tumbo, nimepima joto la mwili. Karatasi yangu haisemi chochote kuhusu jeni wala nyonga. Nimeshaiona ikionyeshwa wanunuzi kana kwamba inasema.

Dhana: jike lazima azae mara moja ndipo afungwe kizazi

Hapana. Mwili wake hauhitaji, tabia yake haitulii kwa sababu hiyo, na mimba moja haimkingi na usaha wa kizazi miaka ijayo. Umri mzuri wa kufunga kizazi unategemea aina na ukubwa wa mbwa, hilo tuzungumze. Kuzaa si sharti.

Dhana: cheti cha ukoo ni dhamana ya ubora

Ni cheti cha kuzaliwa. Kinataja baba, mama na babu. Hakitaji goti linalotoka mahali pake wala bibi aliyekuwa anauma watu. Faida yake kubwa ni kukuonyesha majina yanayojirudia. Ukipandisha ndugu wa baba mmoja mama mbalimbali, watoto wana asilimia 12.5 ya undugu wa damu. Ukipandisha baba na binti, au ndugu wa tumbo moja, ni 25. Kadiri namba inavyopanda ndivyo uzao unavyoelekea kuwa mdogo na watoto dhaifu, na ndivyo zile nakala 2 za jeni mbaya zinavyokutana. Anayekwambia "nafunga damu ili sura ibaki" muulize wazazi wao walikufa na nini.

Dhana: mpandishe siku ya 11 na ya 13

Siku hizo huhesabiwa tangu joto lianze, lakini wapo wanaokuwa tayari siku ya 7 na wapo wa siku ya 20. Pima projesteroni, homoni inayoonyesha yai linatoka lini, kwenye damu. Yai la mbwa likitoka halijakomaa, linahitaji siku kama 2 zaidi ndipo lirutubishwe, na mbegu ya dume inaweza kumngoja ndani kwa siku kadhaa. Ndiyo sababu ukihesabu tangu alipopandwa, kuzaa kunaweza kuangukia popote kati ya siku ya 57 na ya 72. Ukihesabu tangu yai lilipotoka, ni siku 63, ongeza au punguza 1. Utakapokuwa unajiuliza usiku kama jike wako amechelewa, utatamani ungekuwa na namba hiyo ya pili.

Dhana: jike mwenye mimba aongezewe kalsiamu

Hii ni ya pili kwa kunipandisha hasira, kwa sababu inafanywa kwa mapenzi. Mfupa wa unga, vidonge, maziwa kila siku. Ukimwagia mwili kalsiamu wakati wa mimba, tezi zinazoongoza kuitoa kwenye mifupa zinazembea. Akishazaa, watoto 6 wananyonya kwa pamoja, kalsiamu ya damu inaporomoka na zile tezi hazijaamka. Matokeo ni homa ya maziwa, mara nyingi ndani ya wiki 4 za kwanza, na zaidi kwa majike wadogo wenye watoto wengi: anahema, hatulii, anatembea kama miguu ni ya mbao, anatetemeka, kisha degedege. Hiyo ni dharura ya dakika, si ya kesho asubuhi. Lishe inayomtosha ni chakula kamili cha watoto wa mbwa, aanzishiwe theluthi ya mwisho ya mimba na aendelee nacho anaponyonyesha. Basi. Hicho chakula kina kalsiamu yake tayari.

Dhana: mbwa anajua kuzaa mwenyewe, usimsumbue

Wengi wanajua. Bulldog na French Bulldog wengi hawazai bila kisu, kwa hiyo anayewachagua hao apange upasuaji kabla ya kupanga majina. Kwa wengine wote, wajibu wako ni kujua saa ya kuacha kutazama na kupiga simu. Mpime joto la mwili mara 2 au 3 kwa siku wiki ya mwisho. Likishuka chini ya nyuzi 37, uchungu kwa kawaida unaanza ndani ya saa 24. Ute wa kijani kibichi kabla ya mtoto wa kwanza unamaanisha kondo limeanza kubanduka. Akisukuma kwa nguvu nusu saa na hakuna kilichotoka, njoo. Piga eksirei moja baada ya siku ya 55 uhesabu mafuvu, ili usimwambie daktari "nadhani amemaliza".

Watoto wenyewe hawawezi kujipasha joto wiki 2 za kwanza. Mtoto wa baridi usimpe maziwa, hayatasagika. Mpashe joto taratibu kwanza. Na nunua mizani ya jikoni. Mpime kila mmoja kila siku, uandike. Asiyeongezeka gramu kwa siku nzima anakuambia kitu kabla hajaanza kulia.

Dhana: wiki 6 wanakula wenyewe, waondoke

Kula si kukua. Kati ya wiki ya 3 na takriban ya 12 mtoto anajifunza dunia, na wiki za 6 mpaka 8 ndizo ndugu zake wanamfundisha jino liume kiasi gani. Wakae mpaka wiki 8. Wakati huo wasikie vyombo vikianguka, wakanyage sakafu tofauti, washikwe na watu wa kila umri. Ukiwafungia bandani wakiwa safi na wamenenepa, utakuwa umetoa mbwa waoga wenye afya.

Dhana: nikishauza, yamekwisha

Mtoto uliyemleta wewe ni wako mpaka siku anayokufa. Andika kwenye mkataba kwamba mwenye kumchukua akishindwa, kwa sababu yoyote, hata baada ya miaka 7, mbwa anarudi kwako, si barabarani wala kwa jirani wa jirani. Hii ina maana uwe na nafasi ya kumpokea, na usizalishe uzao mwingine wakati nafasi hiyo imejaa. Andika pia kwamba akiugua ugonjwa wa kurithi ujulishwe, kwa kuwa taarifa hiyo inawahusu ndugu zake wote na inaamua kama mama yake apandishwe tena. Namba yako ya simu iwe kwenye kila nakala ya mkataba, na ukibadilisha laini wapigie wote uliowapa mbwa.