Remote Desktop ikigoma, usikimbilie kupiga Windows upya

Mtu akinipigia kwamba Remote Desktop, ile ya Windows ya kuingia kompyuta moja ukiwa kwenye nyingine, haiingii, swali langu la kwanza ni moja tu: imekuomba paswedi au haijakuomba? Wengi wanaona nawapotezea muda, ila jibu la hapo linakata kazi katikati. Kwa kawaida ukibonyeza Connect, mashine yako inaenda kwanza kuitafuta ile nyingine kwenye mtandao, zikishapatana ndo kinakuja kile kiboksi cha jina na paswedi. Kwa hiyo kama kiboksi kimekuja basi waya uko sawa, ruta iko sawa, faiawoli (ukuta unaochuja nani apite) imeruhusu, acha kuzimazima ruta za watu, shida yako iko kwenye akaunti au mambo ya usalama. Kama hakijaja, paswedi haihusiki kabisa, hata ukiibadilisha mara ngapi.

Tuanze na upande wa kutokuja kwa kiboksi.

Kabla ya lolote angalia mashine unayotaka kuingia ina Windows gani. Windows Home inaweza kwenda kwa mwenzie lakini haiwezi kupokea mgeni, ya kupokea ni Pro, Enterprise na Education. Laptopu nyingi za dukani zinakuja na Home, na mtu anahangaika wiki nzima na mipangilio ambayo haipo. Ingia Settings, System, About, imeandikwa pale. Na hakikisha haijalala! Mashine iliyoenda sleep haijibu mtu, kaweke sleep iwe Never kama unajua utaihitaji ukiwa mbali.

Ya pili ni IP, namba ya mashine kwenye mtandao. Jana ilikuwa 192.168.1.20, usiku umeme umekatika, ruta imewaka imegawa upya namba, leo 20 ni printa. Andika ipconfig kwenye Command Prompt ya ile mashine uone namba ya leo, halafu ingia kwenye ruta uifungie hiyo namba isihame tena.

Sasa hapa mafundi wengi wanapiga ping (kuita mashine uone kama inajibu), ikikataa wanasema mtandao umekufa. Hapana bwana, faiawoli ya Windows inaweza kuziba ping huku Remote Desktop ikiwa inapita vizuri tu, na ping inaweza kujibu huku poti, yaani mlango, ya Remote Desktop imefungwa. Unachotaka kujua ni kama poti 3389 iko wazi, basi uliza hiyo hiyo. Fungua PowerShell kwenye mashine unayotokea uandike:

Test-NetConnection 192.168.1.20 -Port 3389

Angalia mstari wa mwisho, TcpTestSucceeded. Ikisema True, njia ipo. Ikisema False, nenda kwenye mashine inayopokea (au mwombe aliyepo pale) mwandike netstat -an | findstr 3389. Ukiona LISTENING maana yake yenyewe inasikiliza ila kuna kitu kinazuia katikati, na mara nyingi ni faiawoli: nenda sehemu ya kuruhusu programu kwenye faiawoli, uone Remote Desktop ina tiki kwenye aina ya mtandao mliopo, Private au Public. Mtu akihamisha ofisi au akibadili ruta, Windows inaweza kuuona ule mtandao mpya kama Public na tiki yako ilikuwa ya Private peke yake. Antivirasi zenye faiawoli zao nazo zinafanya hivyo hivyo kimya kimya. Usipoona LISTENING kabisa, basi ama Remote Desktop haijawashwa, ama huduma yake imesimama (fungua services.msc utafute Remote Desktop Services), ama kuna mjanja alibadilisha poti akaondoka bila kumwambia mtu.

Hayo yote ni mkiwa kwenye mtandao mmoja. Ukiwa nyumbani Mbezi unataka kuingia mashine ya duka Kariakoo, zile namba za 192.168 hazikusaidii kitu, ni za ndani tu. Wengi wanaambiwa wafungue poti kwenye ruta, wanafungua, bado. Ingia kwenye ruta uangalie IP ya upande wa nje. Kama inaanzia 100.64 hadi 100.127, au ni 10 kitu, huna IP yako mwenyewe ya nje, kampuni ya intaneti imewaweka wateja wengi nyuma ya IP moja, ni kama mtaa mzima kutumia sanduku moja la posta, barua ikifika haijui iende kwa nani. Intaneti za laini za simu karibu zote ziko hivi. Hapo ufungue poti mpaka kesho haitaingia. Ndo maana programu nyingine za kuingia kwa mbali, AnyDesk na TeamViewer, zinafanya kazi pale ambapo Remote Desktop inagoma: kule pande zote mbili ndo zinapiga kwenda nje kwenye serva yao, hakuna anayegongewa.

Na hata kama unayo IP yako ya nje, mimi sifungui 3389 kwa dunia, simfungulii mtu yeyote hata akinilipa. Mei 2019 lilitoka tundu la usalama kwenye Remote Desktop linaloitwa BlueKeep, lilikuwa baya kiasi kwamba Microsoft walitoa kiraka mpaka cha Windows XP ambayo walishaacha kuihudumia tangu 2014. Na kuhamisha poti kutoka 3389 kwenda 3390 sio ulinzi, wanaotafuta milango wanapita poti zote. Weka VPN (njia ya siri ya kukuingiza kwenye mtandao wa kule), uingie nayo kwanza, halafu Remote Desktop ipite ndani yake. Kwa walio nyuma ya IP ya pamoja, VPN inayoitwa Tailscale inapita bila kugusa ruta, ila usishtuke ukiona nayo inakupa namba ya 100 kitu, ile ni yake.

Tuje kwa aliyeombwa paswedi halafu akakataliwa. Anayeongoza hapa ni PIN. Mtu kila siku anawasha laptopu yake kwa tarakimu nne, anaamini ile ndo paswedi yake. Remote Desktop haitaki PIN, inataka paswedi yenyewe, na kama unaingia kwa akaunti ya Microsoft basi ni ile ya imeli, ambayo pengine mara ya mwisho kuiandika ni siku uliyonunua mashine. Akaunti isiyo na paswedi kabisa nayo inakataliwa. Na kama sio admini lazima uongezwe kwenye kundi la Remote Desktop Users. Halafu ukikutana na ujumbe unaotaja CredSSP (njia ya kupeleka paswedi kwa usalama), usiguse mtandao: mashine moja imepata apdeti za 2018 kuja mbele na nyingine haijapata. Dawa ni kuapdeti ile iliyobaki nyuma, sio kushusha ulinzi wa iliyo salama kama video nyingi zinavyofundisha.

Ipo moja naipenda sana kwa sababu inadanganya. Ofisi moja ina serva na domeni (akaunti na mashine za ofisi zinasimamiwa sehemu moja), dada mhasibu kila baada ya umeme kukatika usiku, asubuhi haingii kwenye serva. "Kaka, imegoma tena, lakini we subiri tu, saa sita itaingia yenyewe." Na kweli ikifika mchana inaingia! Fundi aliyepita alishapiga Windows upya, akabadilisha waya, akalaumu intaneti. Nikamwambia anisomee ujumbe wote bila kuruka, ukawa unataja tofauti ya saa au tarehe kati ya mashine mbili. Angalia pale chini kulia kwenye skrini yake: mwaka 2012. Betri ya CMOS, inayotunza saa umeme ukikatika, imekufa, ile CR2032 ya duara kama shilingi, kwa hiyo umeme ukikatika saa inarudi nyuma miaka, na kwenye domeni Kerberos, mfumo wa kuhakiki anayeingia, haivumilii tofauti ya zaidi ya dakika 5 kwa kawaida. Baadaye Windows ikishajirekebishia saa yenyewe, mlango unafunguka, kila mtu anadhani mtandao ndo umetulia. Tukabadilisha betri.

Umeingia lakini ni skrini nyeusi au picha inaganda? Bonyeza Ctrl+Alt+End, ukiona menyu imetokea basi mko hewani, mashine haijafa. Punguza ukubwa wa skrini, toa tiki ya bitmap caching kwenye mipangilio ya Remote Desktop. Ikiganda kupitia VPN tu, shuku MTU (ukubwa wa juu wa pakiti moja), piga ping -f -l 1400 kwenda kule, ikilalamika kwamba pakiti inahitaji kukatwa, jaribu kushusha MTU ya VPN.

Mwisho hili la kutoana. Windows 10 na 11 zinapokea mtu mmoja kwa wakati, wa pili akiingia wa kwanza anatoka, kwa hiyo "inakatakata sana" mara nyingine ni mhasibu na bosi wanafukuzana wakiwa na akaunti moja bila kujua. Kuna programu za kuidanganya Windows ipokee wengi, zinavunja leseni na zinakufa kila apdeti ikija. Kwenye Windows Server wanaruhusiwa wawili kwa kazi za usimamizi, zaidi ya hapo unaweka huduma ya Remote Desktop Services na leseni zake, na inakupa siku 120 za bure. Zikiisha watu wanakataliwa asubuhi moja bila hata kitu kuharibika, na wewe admini unaingia kwa amri ya mstsc /admin uende ukaweke leseni.