Kupauka kwa matumbawe: tumbawe jeupe bado liko hai, ila lina njaa

Tumbawe lililopauka ni tumbawe lililopoteza mwani mdogo uliokuwa ukiishi ndani ya mwili wake na kulilisha. Mwani ukitoka, rangi nayo hutoka, na nyama inayobaki ni angavu kiasi kwamba mifupa yake ya chokaa huonekana wazi, nyeupe pe. Hiyo ndiyo maana ya kupauka. La kushika mapema ni kwamba tumbawe hilo bado liko hai. Watu wengi hulitazama wakadhani limekwisha kufa, na kosa hilo hutufanya tukate tamaa wakati ambapo mwamba bado una nafasi ya kupona.

Ili jambo lieleweke inabidi kwanza kujua tumbawe ni kitu gani. Sisi wa pwani tumelizoea kama jiwe. Nyumba za Lamu, Mji Mkongwe wa Unguja na misikiti ya Kilwa Kisiwani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayohayo. Mafundi wa zamani walipotaka nakshi nzuri kwa ajili ya mihrabu, walikata tumbawe bichi kutoka baharini, kwa kuwa likiwa bichi ni laini na linachongeka, kisha likikaa juani na hewani hukauka na kuwa gumu. Lakini jiwe hilo ni mifupa iliyojengwa na wanyama. Kila tumbawe ni kundi la wanyama wadogo waitwao polipi, wengine wadogo kuliko punje ya mtama, wenye undugu na konyeza. Polipi ana mdomo mmoja, tumbo, na minyiri midogo yenye sumu ya kunasia vijidudu vinavyopita na maji, hasa usiku. Chini yake hujijengea kikombe cha kalsiamu kaboneti. Polipi wakizaana na kujenga juu ya vikombe vya waliotangulia kwa mamia na maelfu ya miaka, hapo ndipo panapopatikana mwamba.

Bahari ya kitropiki yenye maji safi ya kuonyesha hadi chini ina chakula kidogo. Polipi hawezi kuishi kwa kuvua peke yake. Ndiyo maana ndani ya chembe za mwili wake huishi mwani wa seli moja, mdogo sana, mamilioni katika kila sentimita ya mraba. Mwani hupata kwa polipi mahali pa kukaa, hewa ya kaboni na mbolea inayotokana na taka za mnyama. Nao kwa mwanga wa jua hutengeneza sukari, na sehemu kubwa ya sukari hiyo humwendea polipi. Kwa matumbawe mengi ya maji mafupi, hadi asilimia 90 ya nguvu ya mwili hutoka kwa mwani huo. Rangi ya kahawia, ya kijani au ya dhahabu tunayoiona tukipiga mbizi kwa kiasi kikubwa ni rangi ya mwani.

Sasa joto linaingiaje? Maji yakizidi joto na jua likiwa kali, mtambo wa mwani wa kutengeneza chakula huharibika. Badala ya sukari, unaanza kutoa aina za oksijeni zenye ukali zinazounguza chembe za polipi kutoka ndani. Polipi hujiokoa kwa kuutoa mwani nje. Ni kama mtu anayemfukuza mpishi kwa sababu jiko linajaza nyumba moshi: moshi unaondoka, lakini jioni hakuna chakula. Baadhi ya matumbawe, kabla ya kuwa meupe kabisa, huwaka rangi ya buluu au zambarau inayong'aa ajabu. Wageni huipiga picha kwa furaha. Rangi hiyo ni kinga ya polipi dhidi ya mwanga, na maana yake ni kwamba ameelemewa.

Joto si sababu pekee. Maji mengi ya mto wakati wa mafuriko, baridi kali isiyo ya kawaida, au bamvua kubwa inayouacha mwamba nje ya maji saa sita mchana, vyote vinaweza kupausha matumbawe. Ila hayo huwa ya mahali pamoja. Linalopausha mwambao mzima kwa mkupuo mmoja ni joto la bahari.

Kiasi gani cha joto? Hapa ndipo watu hushangaa, kwa kuwa ni kidogo sana. Nyuzijoto 1 tu juu ya wastani wa mwezi ulio wa joto kuliko yote mahali pale, ikidumu kwa wiki kadhaa, inatosha. Wanasayansi hupima mzigo huo kwa kuzidisha joto la ziada na muda wake. Nyuzi 1 ya ziada kwa wiki 4 ni mzigo wa 4. Nyuzi 2 kwa wiki 2 ni 4 vilevile. Mzigo ukifika 4, tarajia kuona weupe. Ukifika 8, tarajia vifo vingi. Shirika la Marekani la bahari na anga, NOAA, hufanya hesabu hizi kwa setilaiti kila siku kwa miamba ya dunia nzima, na mtu yeyote anaweza kuzitazama.

Angalia kwamba kipimo huanzia kwenye mazoea ya mahali. Katika Ghuba, upande wa Abu Dhabi, kuna matumbawe yanayovumilia kiangazi chenye maji ya zaidi ya nyuzi 34. Maji ya namna hiyo yakikaa Watamu au Mafia yangemaliza karibu kila kitu. Hakuna joto moja linaloua matumbawe yote. Kinachoyaumiza ni kupita mpaka ambao vizazi vyake vimeuzoea.

Kwa mwambao wa Tanzania na Kenya, wakati wa hatari unajulikana. Maji hupata joto polepole katika msimu wa kaskazi, na kilele chake ni Machi na Aprili, kaskazi inapokufa na kusi haijaingia. Bahari hutulia shwari na maji huwa safi. Mvuvi anaweza kuufurahia utulivu huo. Kwa tumbawe ni mtihani, kwa sababu pasipo upepo maji ya juu hayachanganyiki na ya chini, na mwanga hupenya hadi kina kirefu. Kusi ikiwahi kuingia na mawingu yake, huokoa mwamba mwingi.

Mwaka 1998 mwamba haukuokoka. El Niño kali iliipasha joto Bahari ya Hindi, na kati ya Machi na Mei matumbawe yalipauka kuanzia Kenya hadi Msumbiji na kuvuka hadi visiwa vya mbali. Katika visiwa vya ndani vya Ushelisheli zaidi ya asilimia 90 ya matumbawe yalikufa. Mafia iliumia vibaya. Malindi na Watamu, hifadhi za bahari zilizoanzishwa mwaka 1968, ziliumia pia, na hili nitalirudia. Dunia nzima inakadiriwa kupoteza asilimia 16 ya matumbawe yake katika tukio hilo moja. Kutokana na msiba huo ulianzishwa mwaka 1999 mpango wa utafiti wa CORDIO, ambao tawi lake la Afrika Mashariki liko Mombasa na bado unafuatilia miamba hii.

Baadaye weupe ulirudi mwaka 2010, ukarudi 2016, ukarudi 2024. Aprili 2024 ilitangazwa kwamba dunia imo katika tukio la nne la kupauka kwa matumbawe katika bahari zote, na kufikia mwaka 2025 joto la kiwango cha kupausha lilikuwa limegusa asilimia 84 hivi ya eneo la miamba duniani. Mimi naona hesabu ya kutisha zaidi ni ile ya nafasi kati ya tukio na tukio. Mwamba ulioharibika sana huhitaji miaka kumi au zaidi kurudi katika hali nzuri. Ukipigwa tena kabla haujainuka, unaobaki ni mwamba mwingine kabisa, wenye aina chache.

Turudi kwa tumbawe jeupe lenyewe. Liko njia panda. Maji yakipoa ndani ya wiki chache, mwani uliobaki kidogo mwilini huzaana, na rangi hurudi kwa wiki au miezi. Hata hivyo halitoki salama: hukua kwa shida, huzaa kidogo, na magonjwa hulipata kwa urahisi. Maji yasipopoa, akiba ya mafuta mwilini huisha na polipi hufa kwa njaa. Nyama huoza, na baada ya siku chache mifupa hufunikwa na utando wa mwani wa kijani na kahawia. Kwa hiyo mtu akipiga mbizi akakuta weupe, anatazama wagonjwa. Akikuta mawe yenye manyoya ya kijani pale palipokuwa peupe mwezi uliopita, anatazama waliokufa. Wengi hukosea hapo kwa namna ya kinyume, wakiona weupe umeondoka wanashangilia.

Wanaotangulia kufa ni wale wenye matawi kama pembe, wa jamii ya akropora, ambao ndio wanaojenga maficho mengi ya samaki. Yale makubwa ya duara, jamii ya poriti, huvumilia zaidi, lakini hukua sentimita 1 hivi kwa mwaka. Matawi yaliyokufa hutobolewa na sifongo na kuvunjwa na mawimbi, mpaka mwamba unakuwa kifusi. Changu na chewa wanakosa pa kujificha, pweza anakosa pango, na mawimbi yanafika ufukweni na nguvu zao zote.

Je, hifadhi huzuia kupauka? Hapana. Yaliyotokea mwaka 1998 yalionyesha wazi: joto liliingia ndani ya hifadhi kama lilivyoingia nje yake. Kumwahidi mvuvi kwamba akiacha kuvua hapa matumbawe hayatapauka ni kumdanganya, na siku weupe ukija hatakuamini tena. Ulinzi hufanya kazi baada ya joto kupita. Vitoto vya matumbawe, vinavyoelea na mkondo vikitafuta pa kushika, vinahitaji jiwe safi. Anayelisafisha jiwe ni tasi na pono, wanaokula mwani siku nzima. Palipovuliwa mpaka tasi na pono wakaisha, mwani hutawala na vitoto havipati pa kukaa. Palipopigwa baruti au kuburutwa juya, hakuna hata jiwe lililosimama imara, kuna kifusi kinachoviringika na kuviponda.

Ndiyo maana nayaheshimu sana maeneo ambayo wenyeji wenyewe wameyafunga. Kuruwitu, katika kaunti ya Kilifi, wavuvi walitenga sehemu ya bahari yao mwaka 2005, na samaki wakaongezeka sana ndani yake. Kenya maeneo ya aina hii huitwa tengefu. Chumbe, jirani na Unguja, mwamba wake umelindwa tangu 1994. Haya ni maandalizi ya kupona, na yanafaa kuelezwa hivyo.

Kuhusu kupanda matumbawe, kazi inayofanyika kwa bidii kama kule Mkwiro katika Kisiwa cha Wasini, naiunga mkono kwa sharti moja: vipande vichukuliwe kwenye matumbawe yaliyonusurika joto. Kupanda aina dhaifu katika maji yaleyale ni kuliandalia joto lijalo la kuua. Vilevile ni kazi ya mita za mraba, wakati uharibifu ni wa kilomita. Pengine pa kuwekea nguvu zaidi ni miamba iliyo karibu na maji ya kina kirefu, kama ile ya Mlango wa Pemba, ambako maji baridi ya chini husaidia kupunguza makali.

Mzizi wa yote ni hewa ya kaboni inayotokana na mafuta na makaa ya mawe. Zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada la dunia humezwa na bahari. Jopo la kimataifa la tabianchi, IPCC, lilieleza mwaka 2018 kwamba dunia ikiongezeka nyuzi 1.5, asilimia 70 hadi 90 ya matumbawe ya kitropiki yatapotea, na ikifika nyuzi 2, zaidi ya asilimia 99. Kati ya namba hizo mbili kuna nusu nyuzi tu, na ndani ya nusu hiyo kuna karibu kila mwamba ambao ungeweza kubaki.

Kama unaingia baharini, iwe kwa uvuvi, kuongoza watalii au kuogelea, Machi na Aprili tazama kwa makini. Ukiona weupe andika tarehe, mahali, kina, na makadirio ya sehemu iliyopauka, kisha ueleze kama ni yale ya matawi au ya duara. Piga picha, uzipeleke kwa watafiti au kwa kikundi cha usimamizi wa bahari kilicho karibu nawe. CORDIO hukusanya taarifa za namna hii. Rudi palepale baada ya wiki sita uangalie kama rangi imerudi au utando umeingia. Katika kipindi hicho chote usitie nanga juu ya mwamba huo wala kuukanyaga, kwa maana tumbawe lenye njaa likivunjika halina nguvu ya kuziba jeraha.