Ramani Niichore Mwenyewe: Wanachokitaka Wapenzi wa Magemu ya Kale

Mezani kwangu hapa Michenzani, Unguja, nina daftari la hesabu, lile la vijumba vya mraba ambalo wanafunzi hulinunua Darajani, na ndani yake mna ramani 10 nilizozichora kwa penseli. Kila ramani ina vijumba 20 kwa 20, kwa sababu gemu la kompyuta la Wizardry, lililotungwa na Andrew Greenberg na Robert Woodhead na kutolewa Marekani mwaka 1981, lina ghorofa 10 za chini ya ardhi zenye ukubwa huo huo. Gemu lenyewe halikumpa mchezaji ramani yoyote. Alitembea gizani hatua moja moja, akahesabu, akachora, na alipokanyaga kijumba chenye mtego wa kumgeuza bila ya kumwambia, alijikuta anaelekea kusini huku akiamini kwamba bado anakwenda kaskazini. Katika ukurasa mmoja kuna pahala nilipofuta mara nyingi mpaka karatasi ikatoboka.

Nimelitoa daftari hilo kwa sababu vijana wanne ninaowafundisha kuandika programu wameamua kutengeneza gemu lao la mtindo wa zamani, lenye wachawi, mazimwi na magofu, na wamenitaka niwaeleze mashabiki wa magemu ya namna hii wanataka nini. Nimeyacheza magemu haya kwa zaidi ya miaka 20, nikajifunza pia kuyafungua ndani na kutazama yalivyojengwa, na jibu langu ni kwamba shabiki anataka gemu linalomwachia agundue mambo mwenyewe, kisha likayajibu kwa dhati yale aliyoyatenda. Mengine yote anayoyataja kwa mdomo yanatokana na hilo.

Kwa wasioyafahamu, haya ni magemu ya kuvaa uhusika. Mchezaji huunda mtu wake, humpa nguvu, akili na wepesi kwa tarakimu, kisha huingia naye katika ulimwengu wa kubuni na kuishi na matokeo ya maamuzi yake. Asili yake ni mchezo wa mezani wa Dungeons & Dragons, uliotolewa mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, ambao huchezwa kwa karatasi, penseli, dadu na msimulizi mmoja. Kompyuta ilipoingia ilishika nafasi ya msimulizi, na hapo ndipo ugumu ulipoanza, kwa kuwa msimulizi wa kweli humtazama mchezaji usoni akajua lini amsaidie na lini anyamaze.

Mashabiki wakiulizwa wanataka nini, hutaja vitu vinavyoonekana: picha zinazotazamwa kutoka juu kwa mshazari, kikosi cha watu sita, vitabu vya uganga, dadu la pande 20. Mwaka 2012 kampuni ya Obsidian iliwaomba wapenzi wa magemu hayo mchango wa dola milioni 1.1, na watu zaidi ya 73,000 wakatoa karibu dola milioni 4. Gemu lililotokana na fedha hizo, Pillars of Eternity, lilitoka mwaka 2015, na mimi nalihesabu miongoni mwa magemu mazuri ya miaka ile. Lakini lina somo moja ambalo vijana wangu lazima walishike. Baadhi ya waliochangia fedha nyingi walipewa haki ya kuingiza wahusika wao, na wahusika hao walisimama mitaani wakiwa na majina ya rangi ya dhahabu, kila mmoja na kisa chake kirefu kisichogusa jambo lolote katika hadithi. Mchezaji aliyesoma visa vitano vya namna hiyo akaona havimfikishi popote, alianza kuwapita wote, na ubaya ni kwamba aliwapita hata wale waliokuwa na jambo la maana. Shabiki alipewa kile alichokilipia, na imani yake kwamba kila neno lililoandikwa lina kazi ikapungua.

Imani hiyo huonekana zaidi katika namna gemu linavyoelekeza njia. Katika Morrowind, la mwaka 2002, mtu anayekutuma hukueleza kwa maneno: fuata mto, vuka daraja, ukiona jiwe refu pinda mashariki. Katika Oblivion, lililofuata mwaka 2006 kutoka kampuni hiyo hiyo ya Bethesda, dira ya chini ya skrini iliwekewa alama inayoonyesha pa kwenda, na tangu hapo magemu mengi yamefuata mkondo huo. Sisi tuliokulia Unguja tunaijua tofauti hii bila ya kufundishwa. Mgeni akiuliza njia katika Mji Mkongwe haelezwi kwa mita. Huambiwa ashike njia ya Mkunazini, akifika penye fundi cherehani apinde kushoto, akiuona mlango wa misumari ya shaba uliopasuka ubao wa chini, abishe hodi mlango wa pili yake. Anayefika kwa maelezo hayo anakuwa ameshaujua mtaa, na kesho anaweza kumwelekeza mwenzake. Anayefuata alama kwenye simu hufika vilevile, lakini hakuuona mlango.

Mmoja wa vijana hao, mwenye miaka 16, ambaye amekulia kwenye magemu ya simu, nilimketisha mbele ya Morrowind bila ya kumpa maelezo. Baada ya dakika 10 aligeuka akaniuliza, "Ami, mbona halinambii niende wapi?" Nikamwambia, "Limeshakwambia. Rudia kuyasoma maneno ya aliyekutuma." Aliyasoma tena, safari hii kwa sauti, neno baada ya neno, na alipofika kwenye daraja akanyamaza, kwa sababu alikuwa amelipita mara mbili. Wiki iliyofuata alikuja na karatasi aliyoichora mwenyewe, yenye njia ya mkato ambayo mimi sikuwa nikiijua.

Kuna kosa moja linalofanywa na watengenezaji wanaotaka kuwaridhisha wazee wa magemu haya: wanachanganya ugumu na mafumbo ya kanuni. Katika Baldur's Gate, lililotengenezwa na BioWare ya Kanada na kutolewa Disemba 1998, kinga ya mtu asiyevaa chochote ni 10, na kila anapozidi kuvaa deraya nzito namba hiyo hushuka, hufika sifuri, kisha huingia katika hasi. Pete inayoandikwa kuwa inaongeza moja kwenye kinga, kwa hakika inapunguza moja. Kanuni hiyo ilitoka katika toleo la pili la mchezo wa mezani, la mwaka 1989, na wenye mchezo wenyewe waliigeuza katika toleo la tatu la mwaka 2000, ambapo kinga kubwa ikawa namba kubwa. Sijapata kumsikia shabiki akililia kurudishiwa hesabu ile ya kinyumenyume. Anachokililia ni yale yaliyokuwa nyuma yake: mchawi mwenye idadi maalumu ya uganga kwa siku, anayelazimika kuchagua asubuhi atabeba upi, na kikosi kinachojiuliza kama kiendelee mbele kikiwa kimechoka au kirudi kulala.

Kipimo changu hapa ni bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na ni gumu kuliko magemu mengi ninayoyajua, lakini hakuna kilichofichwa. Kete zote ziko wazi mbele ya wote waliokaa barazani, na aliyefungwa anaweza kuonyeshwa ni mtaji gani hasa, yaani hatua gani ya kula kete, uliomponza. Gemu likiwa gumu namna hiyo, mchezaji hushindwa na kurudi. Akishindwa kwa sababu hakuelewa maana ya namba, hulifuta. Kwa sababu hiyo hiyo ninapendelea mapigano ya zamu kwa zamu kuliko yale yanayokwenda mfululizo na kusimamishwa kwa kitufe, ingawa najua kwamba wapenzi wa Baldur's Gate mbili za mwanzo wataona nimewakosea. Baldur's Gate 3 ya mwaka 2023 ilichukua njia ya zamu, na hata Obsidian waliuongeza mtindo huo mwaka 2019 katika Pillars ya pili, iliyokuwa imetoka mwaka mmoja kabla.

Upande wa pili wa jibu langu ni kumbukumbu, na mfano bora ninaoujua una umri wa zaidi ya miaka 40. Katika Ultima IV, la Richard Garriott, la mwaka 1985, kuna muuzaji kipofu wa dawa za uganga. Anakutajia bei, kisha gemu linakuachia uandike mwenyewe kiasi unachompa. Ukimpa pungufu, hana la kukufanya. Hakuna onyo, wala sauti, na dawa unaondoka nazo. Lakini gemu limeandika, na huko mbele, unapotaka kutambuliwa kuwa mtu mwaminifu, utakuta mlango umefungwa, na itakubidi ukumbuke mwenyewe ulimfanyia nini yule kipofu. Lengo la gemu zima ni kutimiza sifa nane njema, na si kumuua mfalme mwovu. Nimewaomba vijana wangu waweke angalau jambo moja la namna hii kabla ya kufikiria zimwi la vichwa saba.

Kuhusu kusevu nitasema machache. Wizardry liliandika kifo cha mhusika kwenye diski pale pale, na wapo mashabiki wanaoutaka ukali huo urudi. Waupate kwa hiari yao, lakini mchezaji lazima aweze kusevu popote. Unguja ilikaa bila ya umeme wa gridi tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, na waliocheza kwa jenereta siku zile wanajua maana ya kupoteza saa tatu za safari kwa sababu mafuta yamekwisha. Uzito wa faili nao ni hivyo hivyo: Baldur's Gate 3 linataka gigabaiti 150, ambayo ni zaidi ya nusu ya diski ya gigabaiti 256 katika kompyuta ya mtumba, ilhali picha zilizochorwa tayari za mtindo wa zamani ni nyepesi na bado zinapendeza.

Jambo la mwisho ni lugha, na hapa ndipo vijana wangu wanapoweza kufanya lisilofanywa na wengine. Katika magemu ya injini ya Infinity, yaani programu ya msingi inayoyaendesha, ambayo ndiyo ya Baldur's Gate ya kwanza, karibu maandishi yote yamo katika faili moja iitwayo dialog.tlk, na kila sentensi ina namba yake. Nilipojaribu kutafsiri kurasa za mwanzo, maneno hayakunisumbua sana. Nilichokwama nacho katika kazi za namna hii ni sentensi zenye tundu, ambamo kompyuta huchomeka jina la kitu. Kiingereza hakijali ni kitu gani kilichovunjika. Kwetu upanga umevunjika, ngao imevunjika, jambia limevunjika na kisu kimevunjika, na gemu linalosema "upanga kimevunjika" litampoteza msomaji wa Kizanzibari katika sentensi ya kwanza.

Kwa hiyo tumekubaliana kwamba kila jina katika gemu lao libebe ngeli yake. Orodha ya kwanza waliyoniletea ina majina 60, na tulibishana juu ya moja tu, zimwi. Wawili walisema zimwi ni kiumbe, basi amekuja na amekula. Wawili wakasema methali yenyewe inasema zimwi likujualo halikuli likakwisha, basi limekuja na limekula. Mwisho wameamua kuziweka zote mbili: zimwi litaandikwa kwa "li" kila linapotajwa, mpaka mchezaji atakapochagua kuzungumza nalo badala ya kulipiga, na akishalijua jina lake, gemu litaanza kuandika "amekuja", "amekaa", "amekusubiri", bila ya kumweleza mchezaji kwamba kuna kilichobadilika.