Kwa nini betri ya laptop huchoka hata ikishinda kwenye chaji?

Kuna laptop ambazo haziondoki mezani. Zinashinda kwenye umeme, zinalala kwenye umeme, halafu siku umeme ukikatika, dakika kumi nyingi, kioo cheusi. Mwenyewe anabaki kujiuliza: betri yenyewe siitumii, imechokaje?

Imechoka kwa kukaa imejaa, tena kwenye joto.

Betri za laptop za siku hizi ni za lithiamu, aina ambayo Sony iliiingiza sokoni mwaka 1991. Ukichaji, ioni za lithiamu, yaani chembe ndogo zenye chaji ya umeme, huhamia upande wa grafiti (aina ya kaboni); ukitumia, hurudi upande wa pili. Kasoro iko kwenye uso wa grafiti. Hapo kimiminika kinachopitisha ioni hubadilika kidogo kidogo na kujenga utando mwembamba sana. Utando wenyewe una faida, maana bila huo kimiminika kingeendelea kuharibika ovyo. Ila hauachi kunenepa, na kadiri unavyonenepa ndivyo unavyomeza lithiamu ambayo hairudi tena kazini. Joto huuchochea. Chaji ikijaa nayo huuchochea: kila seli hufika takriban volti 4.2, na kwa msukumo huo hata upande wa pili huanza kudhoofika.

Ndiyo sababu laptop nyingi mpya zina mpangilio wa kuzuia chaji isipite asilimia 80. Utafute kwenye mipangilio ya betri au kwenye programu ya mtengenezaji. Kama mashine yako haiachani na chaja, uwashe leo. Ukiwa na safari, jaza hadi 100 bila wasiwasi. Kinachoumiza ni kushinda hapo siku nenda rudi.

Na ule ushauri wa kumaliza chaji hadi mashine izime? Uliachwa na betri za zamani za nikeli na kadimiamu. Za lithiamu huumia zikikaushwa, kwa hiyo chomeka mapema, hata ikiwa imebaki asilimia 30.

Kwa sisi wa Dar na Mombasa, joto ndilo kesi kubwa. Laptop juu ya godoro huziba matundu yake ya hewa, na ndani ya gari lililoegeshwa juani ni balaa tupu. Ukitaka kuiweka miezi bila kuitumia, iache na nusu ya chaji, izime kabisa.

Kujua hali ya betri yako kwenye Windows, fungua Command Prompt uandike powercfg /batteryreport. Kwenye ripoti, linganisha uwezo wa kiwandani na uwezo wa sasa: kama ilikuwa 50,000 na sasa inajaa 30,000, imebaki asilimia 60.

Ukiona kibodi inainuka au kifuniko cha chini kimebenuka, betri imevimba. Zima, chomoa chaja, usiibonyeze wala kuitoboa, mpelekee fundi.